Mersenne na orodha iliyosahihishwa kwa miaka 300

Mwezi wa Oktoba mwaka wa 2024 ilitangazwa kwamba imepatikana namba tasa yenye tarakimu 41,024,320. Lau mtu angeketi kuiandika kwa mkono, tarakimu moja kwa kila sekunde, bila kula wala kulala, angeiweka kalamu chini baada ya siku 474. Namba hiyo haikupewa jina la aliyeigundua, wala la chuo, wala la kampuni iliyounda mitambo iliyotumika. Imo katika jamii ya namba ziitwazo namba za Mersenne, kwa heshima ya mtawa Mfaransa aliyefariki mwaka wa 1648, enzi ambapo hesabu zilifanywa kwa kalamu ya unyoya na wino.

Ajabu ni kwamba mtawa huyo, Marin Mersenne, hakuacha ithibati ya namba hizo. Alichoacha ni orodha fupi, na orodha yenyewe ilikuwa na makosa matano. Walikuwapo wanahisabati waliomzidi mbali kwa kipaji, na baadhi yao walikuwa rafiki zake. Basi kwa nini jina lake ndilo lililosalia? Nionavyo, jibu la swali hili lina manufaa kwa kila mwalimu na kila mwanafunzi, hata yule asiyelipenda somo la hisabati.

Kabla ya kuyasimulia maisha yake, yafaa tuelewane kuhusu istilahi. Namba tasa ni namba nzima kubwa kuliko 1 ambayo haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mifano ni 2, 3, 5, 7, 11 na 13. Namba 15 si tasa kwa kuwa ni 3 mara 5. Walioiunda istilahi hii walilichukua neno tasa, ambalo katika matumizi ya kawaida humtaja kiumbe asiyezaa, na bila shaka walikitazama kule kukataa kwake kugawanyika. Lakini tukiichunguza namba yenyewe, twaona kwamba istilahi imeeleza nusu ya jambo. Kila namba nzima kubwa kuliko 1 ama ni tasa, ama imezaliwa na namba tasa kwa njia ya kuzidisha, na kila moja ina wazazi wake wasiobadilika. Namba 60 ni 2 mara 2 mara 3 mara 5, na haiwezi kupatikana kwa namba tasa nyingine zozote. Kwa hiyo namba tasa hazikosi wazao. Zinachokosa ni wazazi.

Marin Mersenne alizaliwa tarehe 8 Septemba 1588 karibu na kijiji cha Oizé, katika jimbo la Maine, magharibi mwa Ufaransa. Jamaa zake walikuwa watu wa shamba, wasio na cheo wala utajiri. Alisoma kwanza mjini Le Mans, kisha mwaka wa 1604 akajiunga na chuo cha Wajesuiti cha La Flèche, kilichokuwa kimefunguliwa mwaka huo huo. René Descartes, ambaye baadaye alikuja kuwa mwanafalsafa mashuhuri, alisoma hapo hapo, ingawa Mersenne alimzidi umri kwa zaidi ya miaka 7. Urafiki wao ulikuja kukua baadaye, wote wawili wakiwa watu wazima. Baada ya La Flèche, Mersenne alisomea theolojia mjini Paris, na mwaka wa 1611 akaingia utawa katika shirika la Waminimi.

Jina la shirika hilo lina maana ya watu wadogo kuliko wote. Watawa wake walijinyima nyama, mayai na maziwa mwaka mzima, na walitakiwa kuishi maisha ya sala na unyenyekevu. Mersenne alifundisha falsafa na theolojia kwa miaka michache katika nyumba yao ya Nevers, kisha mwaka wa 1619 akarejea Paris. Huko alipewa chumba katika nyumba ya watawa iliyokuwa karibu na uwanja wa Place Royale, na ukiondoa safari zake, aliishi humo hadi kufa kwake.

Maandishi yake ya mwanzo yalikuwa ya kuitetea dini. Mwaka wa 1623 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu Kitabu cha Mwanzo, akiwapinga waliomkana Mungu na pia waganga na wachawi wa zama zake waliodai kuzijua siri za maumbile. Lakini kadiri alivyoendelea kuandika ndivyo alivyozidi kuamini kwamba dawa ya ushirikina si kelele za mimbari pekee, bali ni kipimo, hesabu na jaribio linaloweza kurudiwa na mtu mwingine. Tangu hapo hakurudi nyuma.

Tunda kubwa la imani hiyo ni kitabu chake kuhusu muziki, Harmonie universelle, kilichoanza kutoka mwaka wa 1636. Humo alieleza kanuni za mtetemo wa uzi wa ala. Uzi ukikatwa nusu, mitetemo yake kwa sekunde huongezeka mara 2. Ukitaka kupata ongezeko hilo hilo bila kuufupisha uzi, sharti uukaze kwa nguvu mara 4. Uzi mzito hutetemeka polepole kuliko mwepesi. Kila mpiga udi au gita huyajua mambo haya kwa vidole vyake. Mersenne aliyaweka katika uwiano wa hesabu, na wanafunzi wa fizikia huzisoma kanuni hizo hadi leo.

Hata hivyo, kazi iliyompa Mersenne nafasi yake katika historia haikuwa ya vitabu. Ilikuwa kazi ya barua. Ikumbukwe kwamba majarida ya kwanza ya kisayansi, la Paris na la London, yalianza mwaka wa 1665, miaka 17 baada ya kifo chake. Kabla ya hapo mtaalamu aliyepata wazo jipya angeweza kulikalia maisha yake yote, na mwenzake wa nchi ya pili akahangaika kulitafuta upya. Mersenne alijitwika mzigo wa kuwaunganisha. Aliandikiana na Descartes aliyeishi Uholanzi, na Pierre de Fermat aliyekuwa mwanasheria huko Toulouse, na Galileo na Torricelli wa Italia, na wengine wengi. Barua ikifika, aliisoma, akainakili, akaituma kwa mtu ambaye alijua angeweza kuipinga au kuikamilisha. Kumwambia Mersenne jambo kulikuwa sawa na kulitangaza kote Ulaya.

Fauka ya hayo, kuanzia mwaka wa 1635 alikuwa akiwakutanisha wanahisabati wa Paris kwa mazungumzo. Katika mikutano hiyo aliingia kijana Blaise Pascal akiandamana na babake, na akasikilizwa kabla ya kutimiza umri wa miaka 17. Chuo kikuu hakikuwa kimempa kijana huyo shahada yoyote. Kilichotazamwa ni hoja yake.

Wala Mersenne hakuwa mwoga. Galileo alihukumiwa na Kanisa mwaka wa 1633. Mwaka uliofuata, Mersenne, naye akiwa mtawa wa Kanisa hilo hilo, alitoa kwa Kifaransa kitabu kuhusu mitambo kilichotokana na maandishi ya Galileo. Descartes alipoandaa kitabu chake cha Tafakuri, kilichotoka mwaka wa 1641, Mersenne ndiye aliyewatafuta wasomi wa kukikosoa, na pingamizi zao zikachapishwa pamoja na kitabu chenyewe. Tabia yake ya kusambaza hoja za watu iliwaudhi baadhi ya rafiki zake na kuzusha ugomvi kati yao, mathalani ule wa Descartes na Fermat. Lakini ugomvi huo uliinufaisha hisabati.

Tuje sasa kwenye namba. Zidisha 2 tano pamoja, upate 32, kisha utoe 1, ubaki na 31. Idadi ya hizo 2 huitwa kipeo. Kipeo kikiwa 2 twapata 3, kikiwa 3 twapata 7, kikiwa 5 twapata 31, kikiwa 7 twapata 127. Zote hizi ni tasa. Wagiriki wa kale walizipenda kwa sababu Euclid alionyesha kwamba kila mojawapo huzaa namba timilifu, yaani namba iliyo sawa na jumla ya vigawanyo vyake vidogo kuliko yenyewe. Ile 7, kwa mfano, ikizidishwa kwa 4 hutoa 28, nayo 28 ni jumla ya 1, 2, 4, 7 na 14.

Je, namba tasa za aina hii hupatikana kwa vipeo gani? Kipeo kisipokuwa tasa, namba yenyewe pia haiwi tasa. Kipeo cha 4 hutoa 15, na cha 6 hutoa 63. Lakini kipeo kuwa tasa hakutoshi, kwa maana kipeo cha 11 hutoa 2,047, ambayo ni 23 mara 89. Hapa ndipo walipojikwaa wengi. Pietro Cataldi wa Bologna, katika kitabu cha mwaka wa 1603, alitoa ithibati sahihi kwa vipeo vya 17 na 19, kisha akadai kwamba 23, 29, 31 na 37 navyo hufaulu.

Mwaka wa 1640 Fermat alimwandikia Mersenne barua yenye ufunguo wa jambo hili. Alieleza kwamba ikiwa kipeo ni namba tasa kubwa kuliko 2, basi kila kigawanyo tasa cha namba hiyo ni lazima kiwe kimezidi kwa 1 kizidishe cha kipeo mara 2. Chukua kipeo cha 37. Mara 2 yake ni 74. Kwa hiyo hakuna haja ya kujaribu 3, 5, 7 na nyinginezo moja baada ya nyingine. Tunajaribu 74 na 1, yaani 75, ambayo si tasa. Tunajaribu 148 na 1, yaani 149, nayo inaacha baki. Tunajaribu 222 na 1, yaani 223, nayo inagawanya 137,438,953,471 bila baki na kutoa 616,318,177. Kwa hatua hizo chache dai la Cataldi kuhusu 37 likaanguka. Mwalimu anaweza kuionyesha hesabu hii darasani katika kipindi kimoja.

Miaka minne baadaye, mwaka wa 1644, Mersenne alichapisha kitabu cha Cogitata Physico-Mathematica. Katika utangulizi wake alitangaza kwamba vipeo visivyozidi 257 vinavyotoa namba tasa ni 11 tu: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Alikuwa ameviacha 23, 29 na 37 vya Cataldi, na hapo alikuwa sahihi. Lakini vile vya mwisho vilihusu namba ambazo hakuna binadamu wa zama hizo aliyeweza kuzichunguza. Namba ya kipeo cha 257 ina tarakimu 78. Mersenne mwenyewe alieleza kwamba kupima namba ya tarakimu 15 au 20 kungekula wakati wote uliopo. Alijua, basi, kwamba anasema jambo ambalo hawezi kulithibitisha, na akalisema kwa uwazi wote, namba kwa namba, likiwa na mwanzo na mwisho.

Baada ya hapo alisafiri hadi Italia, akakutana na Torricelli, na aliporejea mwaka wa 1645 aliwaletea Wafaransa habari za jaribio la zebaki na ombwe, jaribio ambalo Pascal alikuja kuliendeleza kwa sifa kubwa. Mersenne alifariki mjini Paris tarehe 1 Septemba 1648, zikiwa zimesalia siku saba atimize miaka 60. Alikuwa ameagiza mwili wake upasuliwe ili madaktari wapate kujifunza. Chumbani mwake zilikutwa barua za watu 78. Mwaka wa 1666 serikali ya Ufaransa iliunda Akademia ya Sayansi, na wanahistoria wengi huiona mikutano ya mtawa huyu kuwa mojawapo ya mizizi yake.

Orodha yake ilibaki, na kizazi baada ya kizazi kiliipima. Mwaka wa 1772 Leonhard Euler, ambaye wakati huo alikuwa karibu kipofu kabisa, alithibitisha kwamba kipeo cha 31 hutoa namba tasa, nayo ni 2,147,483,647. Mwaka wa 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha kipeo cha 127. Namba hiyo ina tarakimu 39, na kwa miaka 75 ikawa namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana.

Njia ya Lucas, iliyorahisishwa na Mmarekani D. H. Lehmer katika karne ya 20, yafaa kuonwa kwa mfano. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, utoe 2, ugawe kwa namba unayoipima na kushika baki tu, kisha urudie. Kwa 31 twaanza na 4, twapata 14. Kutokana na 14 twapata 194, ambayo ikigawanywa kwa 31 huacha 8. Kutokana na 8 twapata 62, ambayo ikigawanywa kwa 31 haiachi kitu. Kipeo ni 5, na hatua zinazotakiwa ni pungufu yake kwa 2, yaani 3. Baki likiwa sufuri katika hatua ya mwisho, namba ni tasa. Lisipokuwa sufuri, si tasa.

Lucas huyo huyo alionyesha mwaka wa 1876 kwamba kipeo cha 67 hakifai. Alijua namba ile ina vigawanyo lakini hakuvijua vyenyewe. Vilisubiri hadi Oktoba mwaka wa 1903, Frank Nelson Cole alipovitoa mbele ya mkutano wa wanahisabati mjini New York: 193,707,721 mara 761,838,257,287. Inasimuliwa kwamba alisimama ubaoni, akaifanya hesabu hadi mwisho bila kutamka neno, akaketi, na ukumbi ukampigia makofi.

Makosa mengine yalijitokeza hali kadhalika. Mwaka wa 1883 Ivan Pervushin, kasisi wa vijijini huko Urusi, alionyesha kwamba kipeo cha 61, ambacho Mersenne alikiacha, kinafaa. Mmarekani R. E. Powers aliongeza 89 mwaka wa 1911 na 107 mwaka wa 1914. Kipeo cha 257 kilianguka mikononi mwa Lehmer. Kufikia mwaka wa 1947 orodha yote ilikuwa imekaguliwa. Kati ya namba tasa 55 zisizozidi 257, Mersenne alikuwa sahihi kwa 50 na akakosea kwa 5. Usahihishaji ulichukua miaka 303.

Kisha kompyuta zikaingia, na tangu mwaka wa 1996 watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi wamekuwa wakizikopesha kompyuta zao kwa mradi mmoja wa kuzitafuta namba za Mersenne. Ile ya mwaka wa 2024 ilipatikana katika mradi huo, na kipeo chake ni 136,279,841. Ilikuwa ya 52 kujulikana. Wapo watakaouliza faida yake. Ni kweli kwamba siri za benki hulindwa kwa namba tasa ndogo zaidi, zenye mamia ya tarakimu tu. Lakini kazi ya namna hii huvipima vyombo vyenyewe. Mwaka wa 1994 mwanahisabati Mmarekani aliyekuwa akihesabu namba tasa ndiye aliyegundua kwamba chipu ya kompyuta iliyokuwa ikiuzwa kote duniani ilikuwa ikikosea kugawanya.

Turudi kwenye swali letu la mwanzo. Jina la Mersenne limedumu kwa sababu dai lake lilikuwa wazi kiasi cha kuweza kukanushwa. Lau angeandika kwamba namba tasa za aina hiyo ni chache na ni vigumu kuzipata, hangekosea hata kidogo, na hakuna ambaye angemkumbuka. Alipotaja 67 aliwapa Lucas na Cole kazi ya kufanya. Alipoiacha 61 alimwachia Pervushin nafasi. Hapa sisemi kwamba kudai pasipo ithibati ni sifa. Hiyo ilikuwa kasoro yake, na historia imeiandika kando ya jina lake. Ninachosema ni kwamba kasoro iliyowekwa hadharani husahihishika, ilhali ile iliyofichwa huoza.

Katika madarasa yetu mambo aghalabu huwa kinyume. Mwanafunzi aliyekosea ubaoni huchekwa, na yule aliyenyamaza huhesabiwa kuwa mwerevu. Kwa hiyo wengi hujifunza mapema kwamba usalama uko katika kutosema lolote. Tabia hiyo hupanda nao hadi vyuo vikuu, ambako tasnifu nyingi hufungiwa kabatini pindi mwenyewe anapovaa joho, na mijadala ya kitaaluma hugeuka kuwa ugomvi wa heshima badala ya hoja. Mwalimu anayetaka kuibadilisha hali hii hahitaji vifaa vya gharama. Na amtake mwanafunzi aandike jibu lake na njia aliyoifuata, kisha darasa zima liipime njia ile hatua kwa hatua, na aliyekosea ashukuriwe kwa kuwa ndiye aliyewapa wenzake kitu cha kupima.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mersenne alikuwa mtawa asiye na mke wala mtoto, na namba alizozipenda tumeziita tasa. Lakini aliuweka ujuzi wake na ujinga wake mbele ya macho ya wenzake, na wazao wa orodha yake hata leo wanaendelea kuhesabiwa.